Mazungumzo ya Nyumbani: Huzuni Iliyo Maradhi



Katika barua tulizozipokea kwa ajili ya mazungumzo yetu ya mwezi huu imo moja ambayo tumeisoma, tukaiweka, kisha tukairudia tena. Mwenyewe ni kijana wa mwambao. Ametuomba tusilitaje jina lake wala mji wake, nasi tumeihifadhi amana hiyo. Lakini aliyoyaandika yanazigusa nyumba nyingi, na kwa hivyo tumeona jawabu yake iwe ya watu wote.

Anasema kwamba mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza miezi mitano iliyopita. Mama mzazi wa mke alikwisha kufariki zamani, kwa hivyo arobaini ilikaliwa kwa mavyaa. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda kama kawaida. Kisha yule bibi, aliyekuwa mcheshi na mwenye kuisoma Qur'ani kila baada ya alfajiri, akaanza kunyamaza. Usiku halali, hata mtoto akiwa amelala. Chakula hakimwendi. Mtoto akilia humtazama kana kwamba ni mtoto wa watu. Swala alizianza tena baada ya kutoharika, kisha akaziacha moja baada ya moja. Akiulizwa ana nini, hujibu maneno mawili tu: "Sina faida."

Wifi zake wanasema ni uvivu. Mzee mmoja amesema ni pepo, na ametaka mbuzi na fedha nyingi ili ampunge. Kaka wa kijana mwenyewe amemwambia kwamba mke asiyeswali wala asiyelea mtoto hana sababu ya kukaa nyumbani. Na mwisho wa barua kijana ameuliza masuala matatu: Je, huu si udhaifu wa imani? Je, nimrudishe kwao? Na je, ni halali kumpeleka kwa daktari wa wagonjwa wa akili na kumpa dawa zao?

Ndugu yetu, kwa sifa ulizozitaja yaelekea sana kwamba mkeo ni mgonjwa. Na mgonjwa hatukanwi, wala hafukuzwi kwa sababu ya ugonjwa wake. Kuukata ukweli wa maradhi ni kazi ya daktari atakayemwona na kumsikiliza, si kazi ya ukurasa wa gazeti. Lakini usingoje toleo la mwezi ujao ndipo uondoke. Ukimaliza kusoma haya, fanya safari.

HUZUNI NA MARADHI YA HUZUNI

Yapasa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwa lugha ya mazungumzo yote huitwa huzuni.

Huzuni ya kwanza ni ile iliyo katika maumbile ya mwanadamu. Mtu amefiwa, au amepata hasara, au ametengana na ampendaye. Basi hulia, hukosa usingizi, hupungua hamu ya chakula. Hii huja kwa mawimbi: leo hulemea, kesho huinuka kidogo. Mwenye msiba hucheka akisimuliwa jambo la marehemu lililomfurahisha, kisha hulia tena. Na siku zinavyokwenda, moyo hurudi mahali pake.

Huzuni ya pili ni maradhi, na madaktari wetu wa leo huyaita sonona. Haya hayana mawimbi. Yakishika hukaa mchana kutwa, siku kwa siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na humbadilisha mtu katika kazi yake, nyumba yake na ibada yake. Alama zake mashuhuri ni hizi:

(1) Moyo kuwa mzito, au kuwa mtupu, karibu muda wote.
(2) Kutoweka kwa ladha ya mambo aliyokuwa akiyapenda.
(3) Kukosa hamu ya chakula na kukonda, au kinyume chake, kula kupita kiasi.
(4) Kukosa usingizi, khasa kuamka usiku mkubwa na kutolala tena. Au kulala mno.
(5) Mwili kuwa mzito na mwendo kuwa wa polepole; au kutotulia mahali pamoja.
(6) Kuchoka bila ya kazi.
(7) Kujiona hana thamani, na kujilaumu kwa mambo asiyokuwa na kosa nayo.
(8) Kutoweza kukusanya fikira wala kukata shauri hata katika jambo dogo.
(9) Kuyatamani mauti, au kufikiri kujiua.

Daktari akiona tano katika hizi, na mojawapo ikawa ni ya kwanza au ya pili, na zikadumu wiki mbili, na zikawa zimemvuruga mtu maisha yake, huwa na sababu ya kusema kwamba haya ni maradhi. Na wagonjwa wengi wa kwetu hawaanzi kwa kuitaja huzuni. Husema kichwa kinauma, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, mwili unawaka moto, mawazo ni mengi. Huzungushwa kwa dawa za homa na za vidonda vya tumbo mwaka mzima, na mwenye kuwauliza khabari ya moyo wao haonekani.

Ama wazazi, wao wana jambo lao khasa. Wanawake wengi hulia na kubadilika hali siku chache baada ya kujifungua, na hilo hupita lenyewe kabla ya wiki mbili kutimia. Likipita wiki mbili bila ya kuondoka, au likianza baadaye katika mwaka ule wa kwanza, hapo ni maradhi ya kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wanawake zaidi ya 10 katika kila 100 walio waja wazito au waliojifungua karibuni hupatwa na sonona. Kwa hivyo, ndugu yetu, katika mtaa wako mkeo si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho, ila wenziwe wamenyamaza.

JE, NI UDHAIFU WA IMANI?

Suala hili ndilo linalowaumiza wagonjwa kuliko maradhi yenyewe. Basi natuwatazame wale ambao hakuna Muislamu anayeweza kuitilia shaka imani yao.

Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, asione. Qur'ani imetusimulia hayo wala haikumtoa katika daraja ya Mitume. Watu wa nyumba yake walimlaumu kwa kuendelea kumkumbuka mwanawe, na lawama ile haikumpunguzia chochote.

Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, kiasi cha mwaka 619 kwa hesabu ya Kizungu, na mpaka leo wanavyuoni wanauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka mbele ya Masahaba, wala hakuyaficha.

Na khasa nataka umtazame Bibi Maryamu. Uchungu wa uzazi ulipomfikisha penye shina la mtende, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile na akasahauliwa kabisa. Maneno hayo yalimtoka mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Na alijibiwaje? Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yapitayo chini yake, akaambiwa autikise mtende apate tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Kisha akaondolewa mzigo wa kujibizana na watu: aliamrishwa asiseme na mtu siku ile. Wenye nyumba, zingatieni mpango huo. Kwanza faraja, kisha maji na chakula, kisha kufunguliwa na maneno ya watu. Sisi mzazi wetu akilemewa humwanzia na maneno ya watu, na chakula akakitafute mwenyewe.

Huenda msomaji akasema: "Lakini kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu kumekatazwa." Ni kweli, kumekatazwa. Lakini mwenye homa kali akipayuka, hatumwandikii maneno yale kuwa ndiyo itikadi yake. Twasema homa imempanda kichwani, na twamtafutia dawa. Vivyo hivyo mgonjwa wa sonona akisema hana faida, au kwamba Mungu amemtupa, husema ulimi wa maradhi. Aghalabu mgonjwa huyu ndiye mwenye kuogopa dhambi kuliko sisi tulio wazima; na woga huo, ukizidi kipimo, ni alama mojawapo katika zile tisa.

WAZEE WETU WALIYAJUA

Wapo wanaodhani kwamba kuutibu moyo kwa daktari ni bidaa ya Wazungu. Hawakusoma tarehe yao wenyewe.

Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistani, kiasi cha mwaka 850 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachoitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslaha ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza aliifanya ya afya ya mwili na ya pili akaifanya ya afya ya nafsi, na akawalaumu matabibu wa zama zake waliokuwa wakiuangalia mwili peke yake. Alisema kwamba huzuni ni namna mbili: moja ina sababu ijulikanayo, kama kufiwa na kupotelewa; na nyingine humjia mtu asijue imetoka wapi, na hii asili yake imo katika mwili. Ile ya kwanza akataka itibiwe kwa mazungumzo na nasaha na fikira njema. Na hii ya pili akataka mwili wenyewe utibiwe pamoja na nafsi. Tena akashauri kwamba mtu, angali mzima, ajiwekee akiba ya fikira za kumtuliza, kama vile mwenye busara awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Nakala ya kitabu hicho imehifadhiwa Istanbul, na sehemu yake ihusuyo nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudani, ikachapishwa mwaka 2013. Wasomao leo hustaajabu kuona kwamba kugawanya kule kumekaribiana na waliyokuja kuyasema madaktari wa Ulaya miaka elfu moja baadaye.

Wala hawakuishia kwenye maandishi. Nuru-Din Zengi alijenga hospitali Damaski mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Kairo mwaka 1284, na ndani yake wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao. Huko Edirne, katika Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili, iliyokamilika mwaka 1488, ilijulikana kwa kuwatuliza wagonjwa hao kwa sauti ya maji, harufu nzuri na muziki. Basi mwenye kumpeleka mgonjwa hospitali anafuata nyayo za Waislamu waliotangulia. Na Mtume (S.A.W.) alikwisha tufunza ya kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, na akatuamrisha tujitibu.

SABABU ZAKE

Maradhi haya hayana mzizi mmoja. Wengine wameyarithi, kwani yamo katika ukoo wao. Wengine yamewaanza kwa mashaka: ufukara, madeni, kufiwa utotoni, kupigwa au kudhulumiwa na wa ndani. Maradhi ya muda mrefu kama sukari huyaita. Kwa mzazi, mwili hubadilika ghafula baada ya uzazi, na juu ya hilo huongezeka kukosa usingizi na kukosa mtu wa kumsaidia. Ndugu yetu, umetaja kwa mstari mmoja tu kwamba mkeo hana mama. Huenda mstari huo ndio uliobeba nusu ya barua yako. Mtoto wa kwanza humrudisha mwanamke kwa mama yake kwa mawazo. Na asipomkuta, msiba wa zamani huamka.

Tena kuna maradhi ya mwili yanayofanana na sonona, kama upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi iliyo shingoni, na yote mawili huweza kumpata mzazi. Kwa hivyo daktari mzuri huanza kwa kuyapima hayo.

KATIKA KUTIBU

Tiba zake ni namna tatu, na aghalabu huchanganywa.

Ya kwanza ni mazungumzo. Haya si yale ya kumwambia mgonjwa "jikaze" wala "wenzio wana shida zaidi". Ni mazungumzo yenye mpango, pamoja na mtu aliyefunzwa, kwa vikao vinavyojulikana idadi yake. Na mgonjwa hufundishwa kuzitazama fikira zake, kuzipima, na kurudi kidogo kidogo katika kazi zinazompa nguvu. Wala tusidhani kwamba yanawafaa watu wa Ulaya tu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji 30 vya kusini magharibi ya Uganda. Wanavijiji wenye sonona walikusanywa kwa vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, na wakaongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa. Mwisho wake, katika waliohudhuria walibaki na maradhi watu 6 au 7 katika kila 100. Na katika wale ambao hawakuwekewa vikundi walibaki nayo kiasi cha 55. Na huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi vizee kumi na wanne kukaa na wagonjwa katika benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja moja. Kazi ile imeenea mpaka nchi nyingine.

Ya pili ni dawa. Hizi zilianza kujulikana katika miaka ya 1950, ilipoonekana kwamba dawa moja ya kifua kikuu inawachangamsha wagonjwa, na daktari Roland Kuhn wa Uswisi akaona kwamba dawa iitwayo imipramini inawaondolea wagonjwa huzuni. Tangu hapo zimetengenezwa nyingi nyingine, na baadhi yake, kama fluoksetini na amitriptilini, zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Haya ndiyo ya kuyajua juu yake:

Dawa hizi si ulevi. Hazimpumbazi mtu wala hazimfanyi kuzitamani kama mwenye bangi aitamanivyo bangi. Basi hakuna sababu ya kuziita haramu.

Hazifanyi kazi kwa siku moja. Huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili mpaka nne, na huweza kuchukua zaidi ya hapo. Siku za mwanzo huenda zikaleta kichefuchefu au kuumwa na kichwa, na wengi huziacha hapo, kabla ya kuiona faida yake.

Mgonjwa akipona asiziache papo hapo. Huendelea nazo kwa kawaida si chini ya miezi sita, kisha daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe sana katika wiki za mwanzo, kwani baadhi yao huzidiwa na fikira mbaya kabla ya kupata nafuu.

Daktari aambiwe kama mgonjwa amepata kuwa na siku za furaha ipitayo mpaka, halali wala hachoki na maneno hayaishi. Kwani maradhi hayo ni mengine na dawa zake ni nyingine.

Na mama anyonyeshaye aseme kwamba ananyonyesha. Zipo dawa, kama setralini, ambazo madaktari huzichagua kwa wanyonyeshao kwa sababu kinachoingia katika maziwa ni kichache mno. Basi asimwachishe mtoto kwa khofu, wala asiache dawa kwa khofu, bila ya kuuliza.

Tiba ya tatu ni ya nyumba yenyewe: usingizi, chakula, jua la asubuhi, kutembea, na kuondolewa kazi. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha mgonjwa na mwenye msiba wapikiwe uji wa shayiri, talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiusifu kwamba huutuliza moyo. Uji haukai mahali pa dawa, lakini mkono uliouleta ni sehemu ya tiba.

Ama kusomewa Qur'ani na kuombewa dua, hilo ni jambo la kheri, na lifanyike kwa upole, pembeni mwa mgonjwa, akiwa ameridhika. Dua haimkatazi mtu kunywa dawa, na dawa haimkatazi mtu kuomba dua. Lakini kumpiga mgonjwa, kumfunga kamba, kumshindisha na njaa, kumfukiza moshi mpaka akazimia, na kudai mbuzi na fedha kwa mtu aliyekwisha taabika, hayo hayamo katika Sunna. Fedha uliyodaiwa kwa mbuzi, ndugu yetu, itakufikisha hospitali na kukurudisha.

NENO KWA MUME, MAVYAA NA WIFI

Suala lako la pili lilikuwa ni kumrudisha kwao. Ikiwa maana yake ni kumtoa kama mzigo, usifanye. Mke aliyeugua kwa kukuzalia mtoto ana haki juu yako leo kuliko siku ya arusi. Lakini ikiwa kuna shangazi yake au khalati yake ambaye moyo wake utatulia kwake, na yeye mwenyewe akapenda, basi mpeleke kwa mkono wako, masurufu yake yawe kamili, umtembelee, na uwatangazie watu wa pande zote mbili kwamba amekwenda kutunzwa, hakuachwa. Neno hilo ulitamke wewe mapema kabla ya wengine hawajalitamka kwa namna yao.

Mama, wewe uliye mavyaa, sasa u mahali pa mama aliyefariki. Mchukue mtoto usiku mmoja katika kila siku mbili, mkweo apate kulala saa nne au tano mfululizo. Usimwambie kwamba wewe ulizaa saba na hukulalamika. Labda hukulalamika kwa sababu hakuwapo wa kukusikiliza.

Nanyi wifi zake, nguo za mtoto na vyombo vya jikoni ni sadaka kubwa wiki hizi. Asiyeweza kusaidia kwa mkono, na asaidie kwa kunyamaza.

Katika khabari ya swala, usigombane naye. Mkumbushe kwa kuswali naye: mtandikie msala karibu na kitanda, aswali kwa kukaa ikiwa mwili haumchukui, asome sura fupi. Rakaa alizoziswali kwa taabu hizo zisidharauliwe na mtu. Na ikiwa Ramadhani itafika akiwa bado katika dawa, aulizwe daktari kwanza, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na hakuna wa kumwonea haya.

MAHALI PA KHATARI

Hapa tunasema wazi, kwani haya ya kuona haya yamekwisha chukua roho za watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na miongoni mwao wamo vijana.

Mwulize mkeo, kwa sauti ya upole na mkiwa peke yenu: "Je, umepata kufikiri kujiua, au kumdhuru mtoto?" Usiogope kwamba utamfundisha. Kuuliza hakumtii mtu fikira hiyo. Humwondolea upweke wa kuwa nayo peke yake. Akisema ndiyo, usimkaripie wala usimtangaze. Usimwache peke yake hata kidogo, ondoa nyumbani dawa za wadudu, dawa za kumeza, visu na kamba, na mpeleke hospitali siku ile ile, hata iwe usiku.

Na ikiwa mzazi anasikia sauti wasizozisikia wengine, au amechanganyikiwa, au anasema mambo ya ajabu juu ya mtoto, hiyo ni khatari ya saa, isiyongoja kesho.

Watu huyaogopa majina ya Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja, kana kwamba aingiaye hatoki. Wagonjwa wengi wa sonona hawahitaji kulazwa kabisa. Anzeni katika zahanati ile ile ambako mtoto hupimwa uzito. Mwambieni muuguzi khabari yote, naye atawaonyesha daktari wa hospitali ya wilaya au ya mkoa.

NENO KWA VIJANA

Vijana, msidhani haya ni ya kina mama peke yao. Kwa mwanamume sonona mara nyingi huvaa nguo nyingine: hasira za karibu, kujitenga, kuacha masomo au kazi, kukimbilia mirungi, bangi au pombe. Amekwisha fundishwa kwamba mwanamume halii, basi hugeuza machozi kuwa ugomvi. Mkimwona mwenzenu wa msikitini au wa mpirani amebadilika, msimfanyie mzaha. Mfuateni kwake, mkae naye, mumwulize mara ya pili baada ya kuwaambia "niko salama", kwani jawabu ya kwanza ni ya adabu tu. Na mkiwa wenyewe ndio wenye mzigo huo, mwambieni mtu mmoja mnayemwamini leo, kabla ya usiku kuingia.

Ndugu yetu mwenye barua, tumekujibu kadiri ya uwezo wetu. Wengi wenye maradhi haya hupona wakitibiwa, na mkeo tunamtarajia miongoni mwao. Siku moja atarudi katika msahafu wake baada ya alfajiri. Siku hiyo usimkumbushe miezi hii kwa lawama. Mshukuruni Mungu pamoja. Nasi tutafurahi kupata barua yako ya pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kupumzikia waliochoka. Amin.

Wabillahi tawfiq.